Rangi ya Wambeti

Mwezi uliopita walinitoa mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na sasa macho yangu yote mawili ni masafi. Majirani wa hapa Kanja walikuja na sukari na majani ya chai kunipongeza kama mtu aliyejifungua. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa unaona?" Nikamwambia naona hadi uchafu ulio chini ya kucha zako. Walicheka sana. Walipoondoka niliingia chumbani nikalia, na hakikuwa kilio cha furaha. Jicho lile la kushoto, pamoja na ukungu wake wote, ndilo lililokuwa limebaki na binti yangu Wambeti kama nilivyomzoea. Dunia liliyoniletea ilikuwa ya manjano, imechakaa kama karatasi ya kufungia nyama, lakini Wambeti alikuwa humo. Daktari amelisafisha. Amefanya kazi nzuri, simlaumu. Nimeona tu niandike ule mwaka wa Nchiru kabla nao haujasafishwa. Mimi niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu Mukami atanirekebishia herufi, na nimemwonya asiguse maneno.

Watu husema ujana ndio humfunza mtu. Ujana wangu ulinifunza kubeba: kuni, maji, kahawa, watoto. Kuona nilifunzwa nikiwa mzee tayari, katika duka la Mukami, binti wa Wambeti, karibu na lango la chuo kikuu pale Nchiru. Nilienda kukaa kwake kwa sababu ya macho, maana kliniki ilikuwa Meru mjini na mimi nilikuwa nimeanza kumimina chai nje ya kikombe. Duka lilikuwa chumba kimoja cha mabati, ndani kimepigwa mbao, na pazia limekikata katikati. Mbele ya pazia kulikuwa na kompyuta, printa, mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, na benchi ya wateja. Nyuma kulikuwa na vitanda vyetu, jiko la gesi na mitungi ya maji, kwa maana maji ya Nchiru huja yakitaka yenyewe. Upepo wa pale ni mkavu. Huingia kwa kila ufa na vumbi jekundu, na Mukami alikuwa akikifuta kioo cha kompyuta kila mara, kama mama anayemfuta mtoto makamasi. Mimi nilipika. Asubuhi uji wa wimbi, mchana githeri ya mahindi na maharagwe niliyoiunga na viazi na majani ya malenge, na wanafunzi walioketi kwenye benchi wananusa wanaita kupitia pazia, "Shosh, leo ni nini inanukia hivyo?" "Ni chakula ya watu wanaosalimia wakiingia," nawajibu. Basi wote wanaanza kunisalimia kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Miezi ya kwanza sikuona chochote cha maana, kwa hivyo nilisikia. Nilijua wateja kwa viatu vyao na kwa kukohoa kwao. Nilijua Mukami akifurahi kwa vile alivyogonga vitufe, na akikasirika kwa vile alivyonyamaza. Kazi yake ilikuwa kuchora: mabango, kadi za harusi, kalenda za makanisa, vibandiko vya chupa za asali, vitabu vya mazishi. Picha anaisafisha katika programu moja, anaihamisha katika programu nyingine anakopanga maandishi na kurasa, halafu anaipeleka kwa mashine ya kuchapa. Na malalamiko niliyoyasikia kuliko yote yalikuwa haya: rangi si ile. Bibi harusi alichagua maruni, akapewa kahawia. Mchungaji aliletewa kalenda yenye picha yake akiwa kijani kama sukuma wiki. Siku moja kijana aliyekuwa akigombea uongozi wa wanafunzi alikuja na bango lake, rafiki yake ndiye aliyelichora kwa kompyuta yake mwenyewe na Mukami akalichapa tu, na uso ulikuwa mwekundu hadi unawaka.

"Mukami, angalia. Huyu ni mimi ama ni nyanya?"

"Nyanya ni mimi," nikasema nikiwa nyuma ya pazia. "Wewe usijipatie heshima."

Benchi yote ikaanguka kicheko. Kijana mwenyewe alicheka mpaka akasahau kugomba, na Mukami akamtuma akalete ile picha ya mwanzo kabisa, kabla haijahamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Alipoondoka nilimuuliza mjukuu wangu rangi huharibika wapi, kwa maana mimi niliona kama mtu anayehamisha maziwa kutoka sufuria hadi sufuria, na maziwa yanafika yakiwa chai.

"Cucu, ndani ya kompyuta hakuna rangi," akasema. "Kuna namba. Nyekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, bluu kiasi hiki. Programu ya kwanza inaandika namba, ya pili inasoma namba ile ile. Shida ni kwamba kila moja iko na kipimo chake."

"Kama gorogoro."

"Gorogoro aje?"

Nikamweleza. Nimeuza maharagwe sokoni miaka mingi. Gorogoro ni mkebe mmoja, kila mtu anaujua, lakini kuna mama ambaye ameupiga mkebe wake ukaingia ndani chini, na kuna mwingine ambaye anaujaza hadi kilima kinasimama juu. Mtu akikuambia ana gorogoro tatu hajakuambia kitu. Muulize, gorogoro ya nani?

Mukami alisukuma kiti nyuma akacheka. "Sasa ndio hiyo! Picha nzuri husafiri na gorogoro yake ndani. Sisi tunaiita profaili. Programu ya pili ikiikuta inajua namba zilipimwa na nini. Isipoikuta inatumia mkebe wake yenyewe, na mtu anakuwa nyanya." Halafu akaniambia jambo jingine, kwamba kioo hutengeneza rangi kwa mwanga na karatasi hutengeneza kwa wino, na kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi hata ukiubembeleza. Zambarau kali ni mojawapo. "Hiyo unamwambia mteja ukweli mapema," akasema, "ama unangoja akutukane."

Mvua ndefu ilipokwisha, walinifungua jicho la kulia. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri kilikuwa kikombe cha muuguzi, nikadhani kimepakwa bluu. Kilikuwa cheupe. Nilikuwa nimesahau weupe. Nilipofika Nchiru nilimshika Mukami kidevu nikampeleka mlangoni penye jua. "Kumbe una chunusi!" "Cucu jamani, hata pole hakuna?" Siku nyingi zilizofuata nilikaa kwenye benchi nikicheza kama mtoto, nafumba hili nafungua hili. Nikifumba la kulia dunia inarudi kuwa kuukuu, ukuta wa manjano, maziwa ya manjano, mjukuu wa manjano. Nikifumba la kushoto inakuwa mpya hadi inauma. Kitu ni kile kile, hakijasogea, mimi ni yule yule, na bado ni rangi mbili. Mukami alinitazama akiwa ameshika shavu. "Wewe ni programu mbili kwa kichwa kimoja," akasema. Nikamwambia basi atafute mahali profaili yangu ilipopotelea.

Wambeti alifanya kazi Timau, kwenye shamba la maua. Alikuwa akipanga mawaridi katika chumba cha baridi, miaka mingi, hadi vidole vyake vikazoea kukaa vimekunjika kidogo. Kwa simu aliniambia, "Mama, Jumapili nakuja unione na jicho jipya." Nilipika mukimo wa viazi vya kuponda nikachinja jogoo. Jumapili ile hakuja, maua yalikuwa mengi. Jumapili nyingine akasema ni homa. Nyingine, bado ni homa. Mimi ni mtu wa kusema. Nilimuuliza, "Siku hizi maua ndiyo mama yako?" Alicheka, lakini kicheko kilitoka polepole, kama mtu anayepanda mlima.

Kisha alasiri moja nilirudi kutoka kuchota maji nikiwa nimevaa raba zisizolia. Mukami alikuwa akifanya kazi na mikono yote miwili, simu imelala mezani ikiongea kwa sauti.

"Mum, wewe njoo tu hivyo ulivyo."

"Nimekuwa manjano, Mukami. Hata macho. Mama ametoka kufunguliwa jicho juzi juzi, nalo lianze na hii? Wacha nipone kwanza."

"Na daktari anasema nini?"

"Anasema ni ini. Wacha nipone."

Niliweka ndoo chini. Nilisogea hadi mezani, nikainamia ile simu kama naongea na mtu aliye kisimani. Nikasema, "Wambeti. Mimi nilikuzaa ukiwa na rangi ya ini la mbuzi, na nikakubusu hivyo hivyo. Sasa utaniogopesha na nini?" Akacheka kicheko chake cha kweli, kile cha kuziba mdomo na mkono. "Mama, nipe hii wiki," akasema. "Nipe tu hii wiki."

Nilimpa. Wiki haikutupa sisi. Walimlaza, Mukami akaenda kumwona mara moja bila mimi, tukaambiwa anaendelea vizuri, na asubuhi moja tukiwa tunafunga duka ili twende kwake, simu ya Mukami ikalia, na nikajua kwa vile alivyoacha ufunguo ukining'inia mlangoni. Tulipofika alikuwa ameshapelekwa mochari. Mwanangu Njiru, kaka yake, ndiye aliyeingia kumtambua. Akatoka akaniambia, "Mama, wewe ngoja siku ya mazishi." Nikangoja. Jicho langu jipya lilikuwa limemwona muuguzi, limewaona wanafunzi, limemwona hadi paka wa jirani pale Nchiru. Wambeti lilikuwa halijamwona hata mara moja.

Kwetu siku hizi mtu hazikwi bila kitabu chake. Kinakuwa cha rangi, uso wake uko juu, ndani kuna maisha yake, picha za familia, ratiba na nyimbo. Watu wa hapa watakusamehe chakula kikiungua, lakini kitabu kikiwa kibaya watasema hamkumpenda. Jamaa walitaka kazi hiyo ipewe mtu mwingine, Mukami akakataa kabisa. "Nimewatengenezea watu wote wa Nchiru mama zao," akasema, "wangu nimpe nani?" Picha aliyoichagua alikuwa ameipiga mwenyewe Timau, mama yake amesimama kwenye kivuli cha nyumba siku ya mkutano wa umoja wa akina mama wa kanisa, amejifunga kitambaa chao cha kichwa, zambarau yenye pindo jeupe, anacheka karibu azibe mdomo. Ilikuwa kabla ya ugonjwa. Mukami aliniambia jambo moja tu kuhusu kitabu hicho, na alilisema akitazama chini: "Cucu, hata kama nitakosea kila kitu, huyu hatatoka manjano. Alitoroka hiyo manjano hadi akafa nayo. Sitamrudishia."

Basi nilidhani kazi ni ndogo. Alipoimaliza aliituma kwa simu za jamaa ili waitazame, na hapo ndipo msiba ulipata msiba mwingine. Shangazi yake wa Runyenjes akaandika kwamba mbona Wambeti amekuwa mweusi hivyo, yeye alikuwa maji ya kunde. Njiru akasema hapana, hapo amekuwa mweupe kama mzungu. Binamu mmoja akasema amekuwa mwekundu. Mukami alinisomea ujumbe wao wote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, nami nikaelewa kabla hajanieleza kwamba kila mmoja ana simu yake na kila simu ina Wambeti wake. Lakini hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni kwamba walikuwa wakibishana na hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi nilishukuru. Kwa maana mtu angeniuliza binti yangu alikuwa rangi gani, ningemjibu nini? Miaka yake ya mwisho yote nilimtazama kupitia ukungu. Nilimjua kwa sauti, kwa mkono, kwa harufu ya sabuni yake. Rangi yake niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa imepita kwenye jicho linalopaka maziwa manjano. Mama mzima, na sijui.

Kitabu kilikuwa kikachapwe Meru mjini, kwa Mzee Bashir, mwenye mashine kubwa nyuma ya barabara ya wauza nguo. Tulienda watatu. Watatu kwa sababu Mama Kinoti, mwenyekiti wa ule umoja wa akina mama, alikuwa ametoka Timau na mkoba wa nguo za marehemu, na ndani yake kile kitambaa chenyewe cha zambarau, ili Wambeti azikwe amejifunga. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliapa hataondoka hadi aone kitabu. "Na zambarau iwe yetu," akasema njiani na akasema tena tukifika. "Si ile ya wale wa kanisa la ng'ambo ya barabara. Ile yao ni kama mtu amekanyaga bitiruti." Mzee Bashir alitupa viti na chai ya tangawizi. "Poleni sana, mama. Mwenyezi Mungu awape subira." Halafu akachapa karatasi ya kwanza, akaishika kwa ncha mbili, na sura yake ikabadilika kabla ya yetu.

Wambeti alikuwa ametoka rangi ya jivu. Midomo ya bluu, mashavu ya bluu, kama mtu aliyetolewa mtoni. Mukami alikaa chini kwenye marobota ya karatasi, akaweka mikono kati ya magoti.

"Binti," Mzee Bashir akamwambia taratibu, "picha hii imefika kwangu haina profaili. Uliihamisha vipi?"

"Nilinakili nikabandika." Sauti ilikuwa ndogo. "Mzee, mimi ndio hukataza watu. Niliinakili tu kutoka huku nikaibandika kule. Sikuweza kuifungua na kuihifadhi tena. Kila nikiifungua inakuja kubwa kwa kioo, macho yake yananiangalia."

Hakuna aliyemlaumu. Mzee Bashir alivuta kiti kwenye kompyuta yake akampisha. "Hapa itafunguka ndogo," akasema. "Nitaiweka kona." Na kweli aliiweka kona, ndogo kama stempu, na Mukami akaanza upya. Aliirudia picha ya mwanzo kutoka kwenye simu yake, akaihifadhi pamoja na profaili yake, akaziambia programu zote mbili zitumie kipimo kimoja, kile cha mashine ya Mzee Bashir na karatasi yake, na safari hii akaiingiza kwenye ukurasa bila kunakili. Karatasi ya pili ikatoka. Jivu lilikuwa limeondoka. Mzee aliichukua akatuongoza hadi mlangoni, nje ya taa zake, kwenye mwanga wa mchana. "Rangi haiamuliwi chini ya taa," akasema. Akanipa mimi. "Mama, ndiye?"

Wote walinitazama. Nilifumba jicho jipya, nikamwona Wambeti wangu wa siku zote, wa manjano, sawa na karatasi yenyewe, sawa na vidole vyangu vilivyoishika. Nilifumba la zamani, nikaona mwanamke mzuri wa rangi ya kahawia iliyopoa, baridi kidogo, mgeni. Nikafanya tena.

"Sijui," nikasema.

Mama Kinoti akageuka pembeni. Mukami akanishika bega, na nilidhani ataniambia si kitu, Cucu. Hakuniambia hivyo. Alisema, "Mimi pia sijui. Siku za mwisho zimenifunika. Nikifunga macho naona tu ile ya hospitali." Halafu akamtazama Mama Kinoti, akautazama mkoba. "Mama Kinoti, nipe hicho kitambaa."

Alikikunjua juu ya meza pale mlangoni, akaweka karatasi kando yake, pindo la kitambaa likigusa pindo lile lililochapwa. Nikaona. Pindo la mkononi lilikuwa jeupe la kufuliwa, na lile la kwenye karatasi lilikuwa limeingia bluu kidogo, kwa sababu ya kivuli cha Timau na baridi yake. "Uso hatuujui," Mukami akasema, "lakini hili pindo tunalo. Pindo likikaa sawa, na uso utakuwa umekaa, kwa sababu walikuwa kwenye mwanga mmoja." Akarudi kwenye kompyuta. Karatasi ikatoka, akaiweka kando ya kitambaa, akatikisa kichwa, akarudi. Tulikunywa chai ikapoa. Mama Kinoti alianza kuimba chinichini bila kujua anaimba. Kisha ikatoka moja, Mukami akaiweka, na hakutikisa kichwa. Akanisogezea.

Nilifumba jicho jipya. Pindo la kitambaa lilikuwa la manjano na pindo la karatasi lilikuwa la manjano, manjano moja. Nilifumba la zamani. Pindo lilikuwa jeupe na pindo likawa jeupe, weupe mmoja. Macho yangu mawili, ambayo tangu mvua hayajakubaliana hata juu ya kikombe cha maziwa, yote yalikuwa yanasema kwamba kile cha karatasi na kile cha mkononi ni kitu kimoja. Nikapandisha jicho kutoka kwenye pindo hadi kwenye paji la uso, kutoka paji hadi shavu. Haikuwa rangi ya jivu wala ya ugonjwa. Ilikuwa ni kama udongo wa shamba letu baada ya mvua kuacha, wakati jua linapouchoma tu juu juu. Mgeni aliondoka. "Ni huyu," nikasema. "Huyu ndiye alikuwa hapa wakati wote."

Na hapo Mama Kinoti akapata sauti yake. "Lakini hii si zambarau yetu."

Alikuwa anasema kweli. Kitambaa cha mkononi kiliwaka, na kile cha karatasi kilikuwa kimezimika, kimekaribia bitiruti ya wale wa ng'ambo. Mzee Bashir alimweleza kwa heshima kwamba wino huo haufiki pale, kwamba hata akiuvuta, uso utafuata. "Jaribu," Mama Kinoti akasema. Akajaribu. Zambarau ilipanda kidogo, na Wambeti akaanza kurudi mtoni, midomo kwanza.

"Akina mama wataniuliza nilikuwa wapi," Mama Kinoti akasema. "Watasema tumemzika na nguo ya watu wengine."

"Mama Kinoti," nikamwambia, "vitambaa mnavyo vingi. Uso ulikuwa mmoja."

Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nikamtazama, mimi na macho yangu yasiyolingana. Kisha akakikunja kile kitambaa, akakirudisha mkobani, akamwambia Mzee Bashir, "Chapa." Na akaongeza, kwa maana hawezi kukaa bila kuongeza, "Lakini siku ya mazishi tutavaa vyetu wote, tumzunguke, watu waone zambarau ni ipi." Na ndivyo walivyofanya. Walisimama Kanja kwenye mteremko wa migomba yangu kama maua ya mti mmoja.

Lakini kabla ya Kanja kulikuwa na mochari asubuhi ile. Kwetu watu hupita mmoja mmoja kando ya jeneza kumwona marehemu mara ya mwisho, na mama ndiye hutangulia. Akina mama walikuwa wameingia mapema kumvisha. Mama Kinoti alitoka macho yamevimba, akanivuta kando. "Nimemfunga vizuri," akasema. "Poda tumeweka, mama. Lakini ile manjano imekataa." Mukami alikuwa na rundo la vitabu mikononi. Akaniuliza kama nataka kupita ama nibaki nje, hakuna mtu atakayeniuliza. Nikachukua kitabu kimoja juu ya rundo. Nilimtazama Wambeti pale juu ya karatasi na jicho la kulia, nikiwa nimefumba la kushoto, kwa muda niliohitaji. Alikuwa anacheka karibu azibe mdomo. Nilipotosheka nilimrudishia Mukami kitabu, nikaweka kiganja changu juu ya jicho la kulia, nikakibana, nikaingia.

Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona, "Cucu anaumwa na jicho, mpeni kitambaa." Sikugeuka. Nilisimama kando ya jeneza na jicho la kushoto peke yake. Katika jicho lile ukuta ulikuwa wa manjano, mashuka yalikuwa ya manjano, mkono wangu niliouweka kwenye shavu lake ulikuwa wa manjano, na Mama Kinoti aliyesimama upande wa pili akilia, yeye pia. Ugonjwa wa binti yangu haukuwa na mahali pa kuonekana. Alikuwa Wambeti tu, amelala, kama nilivyomwona miaka yote. Nilimwambia yale ambayo mama humwambia mtoto. Kiganja sikukiondoa hadi nilipotoka nje.